Motezuma ya Vivaldi: opera iliyopotea baada ya 1733, ikapatikana Berlin, kisha ikafikishwa mahakamani

Kinubi (mleta uzi)

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Antonio Vivaldi anafahamika kwa wengi kwa matamasha yake ya fidla, hasa yale manne ya majira ya mwaka. Ni wachache wanaojua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye kumbi za opera, akitunga, akiajiri waimbaji na kusimamia mapato ya mlangoni. Leo ninataka tuzungumzie opera yake moja tu, Motezuma, iliyochezwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Novemba 1733 katika ukumbi wa Sant'Angelo mjini Venice. Muziki wake ulitoweka, ukahesabiwa kuwa umepotea moja kwa moja, mpaka ulipotambuliwa mwaka 2002 katika masanduku yaliyorudishwa Berlin kutoka Kyiv.

Hoja yangu ni moja, na nitaisimamia katika uzi wote. Opera hii iliokolewa na kitabu kidogo cha maneno ambacho kilichapwa kwa ajili ya watazamaji wa msimu mmoja, wakati muziki wenyewe, ambao leo ndio tunaouona kuwa na thamani, uliachwa katika nakala za mkono. Ukilielewa jambo hilo, utaelewa kwa nini nota zilipotea, kwa nini zilitambulika, na kwa nini majaji wa Ujerumani walilazimika kuchunguza jinsi wanakili wa Venice walivyofanya kazi zao karne ya 18.

Nianze na aina yenyewe ya mchezo, kwa ajili ya wasioizoea. Opera seria ilikuwa tamthilia ya kuimbwa yenye mambo mazito: wafalme, vita, mapenzi yanayogongana na wajibu. Kisa kilisogezwa mbele kwa risitativo, yaani mazungumzo yanayoimbwa kwa mwendo wa usemi huku hapsikodi, kinanda cha zamani chenye nyuzi, ikiyasindikiza. Mahali ambapo moyo wa mhusika umejaa, mazungumzo yalisimama na mwimbaji akaimba aria, yaani wimbo wa mtu mmoja. Aria nyingi zilikuwa na sehemu ya kwanza, sehemu ya pili yenye hali tofauti, kisha ile ya kwanza ikarudiwa, na katika marudio hayo mwimbaji alitarajiwa kuipamba kwa ufundi wake mwenyewe. Akimaliza, mara nyingi aliondoka jukwaani na kuwaachia watu nafasi ya kumshangilia. Sauti za juu ndizo zilizoenziwa, kwa hiyo mashujaa wa kiume waliimbwa na wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike, au na wanawake waliovaa mavazi ya kiume.

Kila mtazamaji aliyetaka kufuatilia kisa alinunua libreto, kijitabu chenye maneno yote, majina ya wahusika na waimbaji, maelezo ya mandhari na dibaji fupi. Kumbi hazikuzimwa taa kabisa kama zinavyozimwa siku hizi, na wengi walijisomea kwa mshumaa mdogo mkononi. Ndiyo maana nakala za libreto za wakati huo huonekana zikiwa na matone ya nta kwenye kurasa. Kijitabu hicho kilichapwa kwa wingi. Nota hazikuchapwa.

Kinubi (mleta uzi)

Naendelea, nikianza na hali ya Venice yenyewe mwaka huo wa 1733.

Vivaldi alikuwa na umri wa miaka 55. Alikuwa padri tangu 1703, lakini aliacha kuadhimisha misa mapema kwa maelezo kwamba kifua kilimbana. Sant'Angelo ulikuwa ukumbi mdogo, uliofunguliwa mwaka 1677, na haukuweza kushindana kwa fedha na San Giovanni Grisostomo wa familia ya Grimani. Isitoshe, ladha ya watu ilikuwa imehamia kwenye muziki wa watunzi waliofundishwa Napoli, kama vile Leonardo Vinci (si yule mchoraji Leonardo da Vinci), Porpora na Hasse, wenye nyimbo laini zaidi na uzito mdogo kwa okestra. Mtunzi wa kikwao mwenye umri mkubwa, katika ukumbi usio na fedha nyingi, alihitaji kitu ambacho watu hawakuwa wamekiona.

Alvise Giusti, mwandishi wa libreto, alimpa kitu hicho: Meksiko. Opera nyingi za mambo mazito zilichota visa kutoka Ugiriki, Roma, Uajemi au mashairi ya mashujaa wa zama za kati. Giusti alichota kutoka historia ya kuitwaa Meksiko iliyoandikwa na Mhispania Antonio de Solís na kuchapishwa mwaka 1684. Motezuma ni Moctezuma wa Pili, mtawala wa Waazteki, na Fernando ni Hernán Cortés, kamanda wa Wahispania walioivamia Meksiko. Kwa opera ya Kiitaliano hili lilikuwa jambo jipya kabisa, na watunzi wengine walilifuata baadaye: Graun kule Berlin mwaka 1755, kwa maneno yaliyoandikwa na mfalme Frederick wa Pili wa Prussia mwenyewe, kisha Mysliveček, Galuppi, Paisiello na Sacchini katika miaka ya 1770.

Kuna jambo jingine ambalo bila shaka liliwagusa watu wa Venice. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulijengwa juu ya maji ya ziwa, ukiwa na mifereji na madaraja, na tangu karne ya 16 waandishi wa Ulaya walikuwa wakiulinganisha na Venice. Libreto inaonyesha jukwaani maji yanayotenganisha kasri la mfalme na kambi ya Wahispania. Mtazamaji aliyefika ukumbini kwa mashua aliuona mji wa majini ukitekwa.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Motezuma ameshindwa vita na anampa mkewe Mitrena jambia, ili yeye na binti yao Teutile wafe kabla ya kuangukia mikononi mwa adui. Teutile naye anampenda Ramiro, ambaye libreto inamfanya mdogo wake Fernando. Kuna kukamatwa, minyororo, mfalme kujificha katika mavazi ya Kihispania, vita vya majini, na agizo la miungu kwamba Teutile atolewe kafara pamoja na Mhispania mmoja. Kuna mnara unaochomwa moto. Mwishoni Fernando anashinda, anasamehe, Motezuma anakubali kuwa chini ya mfalme wa Hispania, na Teutile anaolewa na Ramiro.

Wasomaji wa historia wataona mara moja kwamba mambo hayakwenda hivyo. Moctezuma alifariki mwaka 1520 akiwa mikononi mwa Wahispania, na mji wake uliangushwa tarehe 13 Agosti 1521 baada ya njaa, ndui na mapigano ya mtaa kwa mtaa. Mwisho wa heri ulikuwa kanuni ya opera seria, na Giusti aliifuata kanuni.

Nahodha_77

Mkuu Kinubi, ahsante kwa uzi huu. Nina maswali mawili. La kwanza: mtunzi maarufu kiasi hicho, opera yake imechezwa katika mji mkubwa, inawezekanaje muziki upotee wote? La pili: umesema waimbaji wa sauti za juu ndio waliokuwa mashujaa. Je, Motezuma mwenyewe aliimbwa na nani?

Kinubi (mleta uzi)

Ndugu Nahodha, maswali yako yote mawili yanagusa kiini.

Opera ya wakati ule ilikuwa bidhaa ya msimu. Ilitungwa kwa muda mfupi kwa ajili ya waimbaji fulani katika ukumbi fulani, na msimu ulipokwisha watu walitaka mpya. Kuchapa nota za opera nzima, kurasa mia kadhaa zenye sauti na vyombo vyote, kulikuwa na gharama kubwa na wanunuzi wachache. Kwa hiyo nota ziliandikwa kwa mkono. Nakala moja ilibaki na mtunzi au ukumbi, waimbaji walipewa sehemu zao, na aliyetaka aria aliyoipenda au hata opera nzima aliagiza kwa mnakili akalipa. Wanadiplomasia, wageni matajiri na majumba ya wafalme waliagiza. Kama hukubahatika kupata mwagizaji aliyetunza vitu vyake, kazi yako ilitegemea sanduku moja.

Sanduku la Vivaldi lenyewe lilikuwa na bahati, kwa sehemu. Hati zake nyingi za binafsi zilipatikana na kununuliwa kwa ajili ya maktaba ya taifa ya Torino kati ya 1927 na 1930, na nyingi kati ya opera zake tunazozijua leo zimetoka huko. Lakini Motezuma haikuwamo. Kwa hiyo katika karne yote ya 20 wataalamu walikuwa na libreto ya 1733, wakijua kila neno lililoimbwa na nani aliliimba, bila kujua sauti hata moja.

Kuhusu swali la pili, jibu linapatikana katika libreto hiyohiyo. Motezuma aliimbwa na Massimiliano Miler, mwenye sauti nzito ya kiume. Fernando aliimbwa na Francesco Bilanzoni, soprano (mwenye sauti ya juu kabisa) aliyehasiwa. Asprano, jemadari wa Waazteki, naye aliimbwa na soprano wa aina hiyo, Marianino Nicolini. Ramiro aliimbwa na mwanamke, Angela Zanuchi. Teutile alikuwa Gioseppa Pircher. Na Mitrena alikuwa Anna Girò.

Kwa sikio la leo, sauti nzito ya Motezuma inamfanya aonekane mwenye enzi na ukali. Kwa sikio la 1733, sauti ya shujaa wa kwanza ilikuwa ile ya juu, na ilipewa mvamizi. Hata hivyo sikubali kwamba jambo hilo linamaliza mjadala, kwa sababu mtu mwenye uzito mkubwa zaidi katika opera hii si Motezuma wala Fernando. Ni Mitrena.

Anna Girò alikuwa mwanafunzi wa Vivaldi na mwimbaji aliyetungiwa nafasi nyingi katika opera zake. Tunamjua vizuri kwa sababu mwandishi wa tamthilia Carlo Goldoni alisimulia jinsi alivyokwenda nyumbani kwa Vivaldi mwaka 1735, wakati opera nyingine, Griselda, ilipohitaji kurekebishwa maneno. Vivaldi alimpokea kwa ubaridi, akiwa ameshika kitabu chake cha sala, akamweleza kwamba Girò hapendi kuimba nyimbo za kulegea; anataka nyimbo zenye hisia kali, zenye kukatika kwa maneno, mihemko na vitendo. Goldoni aliomba karatasi na wino, akaketi palepale na kuandika beti za aria aliyotakiwa kwa muda usiofika robo saa. Vivaldi alizisoma, akakitupa kitabu cha sala, akamkumbatia na kumwita Girò aje aone. Goldoni pia alisema kwamba sauti ya Girò haikuwa nzuri sana lakini aliigiza vizuri.

Sasa chukua maelezo hayo uyaweke mbele ya nafasi ya Mitrena. Katika aria ya "La figlia, lo sposo", maneno yenyewe yanaanza kwa kumtaja binti, kisha mume, kama mtu anayehesabu alichonacho na ambacho kinakaribia kuchukuliwa. Katika mabishano yake na Fernando anakataa kumwachia neno lolote bila kulijibu: anamuuliza kwa haki gani watu waliopokewa kama wageni wamegeuka mabwana. Mabishano hayo yamo ndani ya risitativo, mahali ambapo watazamaji wengi wa wakati ule waliendelea kuzungumza na kula. Girò alikuwa mtu wa kuwanyamazisha.

Msoma Hati

Naomba kuongezea sehemu ya namna hati ilivyopatikana, maana nimeifuatilia kwa miaka mingi na naona inastahili kusimuliwa kwa ukamilifu.

Sing-Akademie ya Berlin ni jumuiya ya waimbaji iliyoanzishwa mwaka 1791. Hiyo ndiyo jumuiya ambayo kijana Felix Mendelssohn aliiongoza tarehe 11 Machi 1829 kuimba Mateso ya Yesu kwa mujibu wa Mtakatifu Mathayo, kazi ya mtunzi Johann Sebastian Bach, tukio lililomrudisha Bach kwenye masikio ya watu. Kwa miongo mingi jumuiya hiyo ilikusanya hati za muziki, zikiwamo nyingi za familia ya Bach. Mwaka 1943, mabomu yalipozidi Berlin, makusanyo hayo yalipelekwa katika kasri la Ullersdorf huko Silesia, eneo ambalo sasa liko Poland. Mwaka 1945 yalichukuliwa na jeshi la Kisovieti, na kwa watu wa Magharibi yakawa kama yamezama.

Yalikuwa Kyiv. Mwaka 1999 mtaalamu wa Bach, Christoph Wolff, pamoja na Patricia Kennedy Grimsted na Hennadii Boriak, walifanikiwa kuyabaini katika hifadhi ya nyaraka za fasihi na sanaa ya taifa la Ukraine. Baada ya makubaliano ya serikali mbili, makusanyo yote, zaidi ya hati 5,000, yalirudishwa Berlin mwishoni mwa 2001 na kuwekwa katika maktaba ya taifa ya huko.

Kila mtu alizungumzia Bach na wanawe. Mwaka 2002 Steffen Voss, mtaalamu wa muziki kutoka Hamburg aliyekuwa akitafuta mambo ya mtunzi Handel, alikutana na hati ya opera ambayo kurasa za mwanzo hazikuwapo, kwa hiyo hakukuwa na jina la opera juu yake. Majina ya wahusika na maneno yaliyoandikwa chini ya nota ndiyo yaliyomwongoza. Aliyalinganisha na libreto ya Giusti, na yakalingana. Hapo ndipo ninapokubaliana kabisa na hoja ya Kinubi: bila kijitabu kile cha 1733, hati ile ingebaki opera isiyojulikana kuhusu Wahispania na Waazteki, na labda ingepangwa kwenye rafu kwa namba tu.

Kinubi (mleta uzi)

Ahsante sana, Msoma Hati. Niongeze tu kwamba hati si kamili. Mwanzo wa kitendo cha kwanza haupo, na sehemu kubwa ya kitendo cha tatu haipo pia. Kitendo cha pili ndicho kilichosalimika vizuri. Libreto inatuambia ni maneno gani yalikuwa mahali pa kila pengo, jambo linaloumiza zaidi ya kutokujua. Karibu na mwisho, Motezuma anaamini kwamba amepoteza kila kitu, na maneno yake ni haya: yuko wapi binti yangu, kiko wapi kiti changu cha enzi, mimi si baba tena, si mfalme tena. Mistari miwili iliyobeba kushindwa kote, bila kumtaja adui hata kwa jina.

Wakili wa Jioni

Wakuu, naomba nizungumzie kesi, kwa kuwa ni uwanja wangu na kwa kuwa nimeona watu wengi wakiieleza nusunusu.

Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741. Hakimiliki yake, kama ingekuwapo, ingekuwa imekwisha zamani. Lakini kifungu cha 71 cha sheria ya hakimiliki ya Ujerumani kinatoa ulinzi wa miaka 25 kwa yule anayechapisha au kuonyesha hadharani kwa mara ya kwanza kazi ambayo haikuwahi kutolewa kwa umma na ambayo muda wa ulinzi wake umekwisha. Lengo la kifungu ni kumtuza anayetumia jasho na fedha kuileta kazi ya kale kwa watu. Sing-Akademie, ikiwa mmiliki wa hati, ilitoa nakala za picha za hati hiyo na kudai kwamba haki hiyo ni yake, na kwamba yeyote anayetaka kuicheza Motezuma aombe ruhusa na alipe.

Mwaka 2005 mambo yalifuatana upesi. Tarehe 11 Juni opera ilichezwa kwa muziki bila uigizaji huko Rotterdam, Uholanzi, chini ya uongozi wa Federico Maria Sardelli. Mwezi uliofuata, tamasha la Barga huko Toscana lilizuiwa kuupiga muziki huo. Kisha likaja tamasha la Düsseldorf, lililokuwa limepanga kuicheza jukwaani mwezi Septemba. Sing-Akademie ilipata zuio katika mahakama ya chini. Waandaaji wakakata rufaa. Na tarehe 16 Agosti 2005 mahakama ya rufani ya Düsseldorf ikaliondoa zuio. Opera ikachezwa tarehe 21 Septemba, ikiwa mara ya kwanza kuigizwa kikamilifu jukwaani katika zama hizi.

Kesi ya msingi iliendelea mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho kule Karlsruhe, iliyotoa hukumu tarehe 22 Januari 2009. Sing-Akademie ilishindwa. Na sababu ya kushindwa kwake ndiyo inayopaswa kuwavutia wasomaji wa uzi huu. Swali halikuwa kama hati ilipotea kwa muda mrefu. Swali lilikuwa kama mwaka 1733 opera hiyo "ilitolewa", yaani kama umma uliokuwa na haja nayo ulipewa nafasi ya kupata nakala. Majaji walizingatia desturi aliyoieleza Kinubi hapo juu: nota zilipowekwa ukumbini, wapenzi wa opera na wajumbe wa majumba ya wafalme waliweza kuagiza nakala kwa wanakili. Kwa mazingira ya karne ya 18, kuweka kazi katika hali ya kunakiliwa hivyo kulitosha kuhesabiwa kuwa imetolewa, hata kama haikuchapwa kwa mashine. Mzigo wa kuthibitisha kwamba haikutolewa ulikuwa juu ya mdai, na mdai hakuubeba.

Nahodha_77

Wakili, nakushukuru kwa ufafanuzi. Lakini naona ugumu. Kama mtu ametunza hati kwa miaka mia mbili, akaipoteza vitani, akahangaika kuirudisha, je, si haki apate chochote? Wapo watakaosema mahakama imewakatisha tamaa wenye hifadhi.

Wakili wa Jioni

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na iliwahi kusemwa na wengi. Lakini kifungu kile hakimlindi mtunzaji. Kinamlinda anayeitoa kazi kwa mara ya kwanza. Ukimpa mwenye sanduku haki ya kuzuia muziki usipigwe, utakuwa umempa haki ambayo Vivaldi mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Mwenye hati bado ana umiliki wa karatasi zenyewe, na anaweza kuweka masharti kwa anayetaka kuziona au kuzipiga picha. Sauti zilizoandikwa humo ni jambo jingine.

Kinubi (mleta uzi)

Mimi naungana na Wakili, na naongeza hili kwa upande wa historia. Hukumu hiyo iliwatambua watu ambao vitabu vya muziki huwapita haraka: wanakili. Hao ndio walioketi kwa mishumaa wakichora mistari mitano, wakiandika nota kwa kalamu ya unyoya, wakilipwa kwa kurasa. Hati iliyopatikana Berlin ni mfano wa kazi ya namna hiyo. Ndiyo iliyotupa kitendo cha pili.

Msoma Hati

Kinubi, nina jambo moja la kupingana nawe. Umeupitia mwisho wa heri haraka mno, ukasema tu kwamba Giusti alifuata kanuni. Mwandishi wa Kuba, Alejo Carpentier, aliandika riwaya fupi mwaka 1974, Concierto barroco, ambamo Mmeksiko anahudhuria mazoezi ya opera hii mjini Venice na kukasirishwa na jinsi historia ya watu wake ilivyopotoshwa. Wakati huo muziki ulikuwa bado haujapatikana. Carpentier naye alikuwa na libreto tu. Nadhani hasira hiyo ni ya haki. Mfalme aliyekufa kifungoni anaonyeshwa akimshukuru aliyemfunga, na binti yake anatolewa kwa ndoa kama muhuri wa mkataba. Kanuni ya opera haitoshi kuwa udhuru.

Kinubi (mleta uzi)

Ndugu Msoma Hati, hasira hiyo ni ya haki, sina ubishi. Ninachosema ni kwamba opera ina mwisho mmoja na mwili mwingine. Giusti angeweza kuwafanya Waazteki washenzi wa kuogopesha tangu mwanzo hadi mwisho. Ile kafara ya binadamu ilimpa kisingizio. Badala yake alimpa Mitrena hoja ambazo Fernando hana jibu lake ila jeshi. Dakika chache za mwisho zinamtaka kila mtu aimbe pamoja kuhusu ndoa, lakini saa mbili zilizotangulia zimemsikilizisha mtazamaji malalamiko ya mke, ya baba na ya mfalme, kwa muziki ulio mzito kuliko ule wa washindi. Linganisha na Graun mwaka 1755: Frederick wa Pili aliandika mwisho ambamo Montezuma anakufa na Wahispania wanabaki kuwa wakatili. Hilo liliwezekana kwa sababu mwenye ukumbi alikuwa mfalme mwenyewe na hakutegemea tiketi za watu wa mjini, na pia kwa sababu yeye alitaka kuushambulia ushupavu wa dini. Vivaldi alikuwa akitafuta fedha za kulipa waimbaji wake, na miezi mitatu baadaye, Februari 1734, alikuwa tayari na opera nyingine, L'Olimpiade, katika ukumbi huohuo.

Nahodha_77

Mkuu, kwa sisi tunaotaka kusikiliza, tuanzie wapi?

Kinubi (mleta uzi)

Kuna rekodi ya Alan Curtis na kundi lake la Il Complesso Barocco, iliyotoka mwaka 2006, ambamo Vito Priante anaimba Motezuma na Marijana Mijanović anaimba Mitrena. Mapengo yalijazwa na Alessandro Ciccolini, aliyetunga upya risitativo zilizokosekana na kuzipatia aria zilizopotea muziki kwa mtindo na malighafi ya Vivaldi. Kuwa mwangalifu usiichanganye na Montezuma ya Jean-Claude Malgoire ya 1992. Hiyo ilitengenezwa kabla ya ugunduzi, kwa kuyavika maneno ya Giusti nyimbo zilizotolewa katika kazi nyingine za Vivaldi. Ni kazi ya heshima, ila si muziki wa 1733.

Anza na "Gl'oltraggi della sorte", aria ya kwanza ya Motezuma, usikie namna okestra inavyompiga mfalme kutoka pande zote huku yeye akikataa kuinama. Kisha nenda moja kwa moja kitendo cha pili. Hicho usikirukeruke; sikiliza hata risitativo, libreto ikiwa mbele yako, kama walivyofanya walionunua kijitabu chao mlangoni pa Sant'Angelo.